Ombi la Kumwondoa Binti Yangu Katika Somo Linalochungulia Vichwa vya Watu

Nzioka Muindi,
Masii.

Kwa Mkuu wa Idara ya Saikolojia,
Machakos mjini.

Mheshimiwa Daktari,

MINT: KUMHAMISHA BINTI YANGU MWENDWA HADI SOMO LISILO NA MADHARA

Pokea salamu kutoka Masii, ambako mvua imekataa lakini sisi tupo. Mimi ni babake Mwendwa, mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza. Nilimleta kwako akiwa binti mwenye adabu, anayejua kunyamaza mtu mzima akikosea. Sasa kila Ijumaa anarudi na kitabu chenu, na nyumba yangu imegeuka maabara. Naomba kwa unyenyekevu umhamishe hadi kilimo, au hata ushonaji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alimsimulia mamake habari za Mrusi mmoja aliyemzoesha mbwa kengele, hadi mbwa akatokwa na mate bila kuona chakula. Mke wangu Munyiva hakucheka. Alinitazama. Tangu siku hiyo nikifika nyumbani mapema napata chapati na supu ya kuku. Nikichelewa sokoni napata muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, tena baridi, na kimya. Sasa jua likianza kushuka miguu yangu inaondoka yenyewe, maneno yakiwa bado mdomoni. Mwendwa anasema mamake amechanganya sura mbili za kitabu, ya kengele na ya zawadi na adhabu. Mimi nasema zote mbili zimefanya kazi. Wenzangu wanadai nimewekewa kamuti, dawa ya mapenzi. Laiti ingekuwa kamuti! Hiyo mtu anajua pa kwenda kutolewa. Hii yenu inatolewa wapi?

2. Nilitoka barazani kwa chifu nimeudhika, nikampiga mbuzi teke. Mwendwa akaniambia, "Baba, hiyo hasira ni ya chifu. Mbuzi iko na makosa gani?" Sasa Daktari, nimpige chifu teke? Serikali ilitupa machifu, Mungu akatupa mbuzi, na kwa mpango huo tumeishi kwa amani miaka yote.

3. Watu wa mchumba wa Nzisa, binti ya marehemu kaka yangu, walileta mbuzi wa ntheo, ile posa yetu ya kwanza. Mimi ndiye niliyesimama kama baba. Kama desturi, niliwakagua mbuzi nikawadharau: huyu amekonda, huyu kwato mbovu, yule ni mzee kuniliko. Kila Mkamba anajua hiyo ni heshima. Wageni huinamisha vichwa, kisha huongeza. Mwendwa, akipita na chai, akawaeleza kwa upole kwamba mtu akikitaka kitu sana na anaogopa kujulikana, hukiponda, na kwamba macho ya baba hayajabanduka kwa yule beberu mweupe. Wageni wote wakanigeukia. Kwa bahati mbaya nilikuwa namtazama beberu. Hawakuongeza hata kwato. Msemaji wao alinipapasa goti akaniambia nisiogope.

4. Hili ndilo linaloniuma kweli. Jumapili, baada ya kanisa, aliniuliza kama nilimwogopa baba yangu. Mimi ni mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikajibu. Niliongea hadi kuku wakaingia kulala, na sauti ikanikatika mbele ya mke wangu. Daktari, tukiruhusu hili, kesho ataulizwa chifu, keshokutwa mchungaji, mwishowe mawaziri wataulizwa wanaogopa nini. Na wakianza kujibu ukweli, nchi hii itaendeshwa na nani?

Kwa hiyo ahamishwe kabla ya muhula ujao, na kitabu kibaki huko kwenu chini ya kufuli.

Nisalimie walimu wote, makarani, na askari wa langoni aliyeniita mzee kwa heshima. Huyo Mrusi akiwa bado hapo idarani, mwambie Munyiva anamshukuru. Mimi simshukuru.

Naweka kalamu chini nikiwa na akili timamu, kwa kipimo cha hapa kwetu,

Nzioka Muindi

N.B. Mwendwa amepiga simu sasa hivi kwamba Ijumaa hii haji, ana mtihani wako. Tafadhali uahirishe. Uhamisho unaweza kusubiri. Jumapili tuliishia nikiwa darasa la tatu, na nimekumbuka yaliyofuata, na hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua kuuliza.