Darubini Yangu na Maji ya Mama Nakundwa

Wenzangu wa kwaya, mliobaki kijijini na mlioolewa mijini, leo nimejianika juani mwenyewe kama mahindi. Mchana kweupe! Mbele ya watu wa mfereji mzima! Nawaambia mimi mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi hata punje.

Yote yameletwa na darubini.

Ndiyo, darubini. Lile bomba la kuangalizia nyota. Mimi, bibi wa darasa la pili (na la pili lenyewe sikulimaliza, nilitolewa nikalee mdogo wangu). Mjukuu wangu Neema alipokuja Krismasi alinionyesha kwenye simu mwezi unavyoonekana kwa karibu. Mashimo matupu! Kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nikamuuliza, "Hii ni kweli au mmechora?" Akasema, "Bibi, ukiwa na darubini unauona mwenyewe, hata umekaa uani kwako." Tangu siku hiyo roho yangu haikutulia. Miaka yote hii mwezi unapita juu ya paa langu, na mimi sijawahi kuujua uso!

Basi Jumamosi nikashuka Same kuuza tangawizi. Pale wanapotandaza vitu vya mtumba, kati ya pasi za umeme na viatu visivyo na wenzake, nikaiona. Nyeupe, ndefu, imesimama kwa miguu mitatu kama mbuzi aliyepata ajali. Moyo ukaruka.

"Kijana, hii ndiyo yenyewe ya nyota?"

"Shikamoo bibi. Ndiyo yenyewe. Imetoka Ulaya. Mwenye nayo alikuwa bibi kama wewe."

(Alijuaje? Lakini nikafurahi.)

Tukavutana bei mpaka akasema namtia hasara, nikasema na yeye ananitia uzee. Tukaelewana. Akaanza kunifundisha. "Bibi, jicho unaweka hapa. Hapa unazungusha mpaka ikae sawa. Usiielekeze kwenye jua hata siku moja, itakupofusha. Halafu hapa nyuma palipokunjika, ndani kuna kioo. Sasa hiki kioo, bibi..."

Gari letu la kupanda mlimani likapiga honi.

"Kijana," nikamwambia, "nimelea watoto saba na ng'ombe. Kuchungulia tu ndiko kutanishinda?"

Nikabeba bomba langu nikakimbia. Yule kijana akanifuata mpaka dirishani, anapiga kelele, anarusha mikono, mara huu mara huu. Dereva keshawasha gari, sisikii kitu. Nikajua ananiaga. Na mimi nikampungia. Nikasema moyoni, kijana ana adabu huyu!

(Hapo pakumbukeni.)

Nikafika nyumbani na hamu yangu. Ukungu! Mnaujua ukungu wetu. Jumamosi ukungu, Jumapili ukungu, jana ukungu mpaka kuku wanapotea njia. Majirani wananiuliza, "Mama Eliudi, umeona nini kwenye darubini?" Nawajibu, "Nimeona ukungu, ila umekuja karibu." Mtaalamu wa nyota nimekuwa, nyota hata moja sijaiona.

Leo nimeamka, loh! Mbingu imefagiwa. Nikasema nifanye mazoezi mchana huu ili mwezi ukitoka jioni unikute nimeshakuwa fundi. Nikaisimamisha uani. Nikaona jani la mgomba ng'ambo ya bonde kama liko mezani kwangu. Nikaona mbuzi wa mchungaji anatafuna kitu, nikachungulia vizuri, anatafuna shuka la mchungaji! Nikacheka peke yangu. Nikahama paa kwa paa. Uji ukapoa. Jua likapanda. Mimi niko na jicho moja tu duniani.

Sasa leo ndiyo siku yangu ya maji.

Kwa mliokwenda mjini mkasahau: maji yanatoka kwenye ndiva kule juu, lile bwawa letu la wazee, yanashuka mpaka kwenye lile jabali kubwa. Hapo mfereji unagawanyika. Ukisimama uani kwangu ukatazama ng'ambo, wa kulia unakwenda kwenye tangawizi yangu, wa kushoto unakwenda kwa Mama Nakundwa. Kila mtu ana zamu. Na sheria mnaijua. Ukiiba maji ya mwenzako, zamu yako imekufa. Ukimsingizia mwenzako kuiba, yako ndiyo inakufa, tena siku hiyo hiyo. Na tangawizi yangu majani yameshaanza kujikunja kama sigara. Ikikosa maji leo, mpaka mzunguko mwingine nitakuwa nachimba kuni, si tangawizi.

Nilitakiwa niwe kwenye jabali jua linapogusa paa la kanisa. Jua lilikuwa limeshaliacha paa la kanisa zamani. (Nilikuwa kwa mbuzi wa mchungaji.)

Nikashtuka. Nikasema, ngoja kwanza nichungulie maji yamefika wapi. Nikalitafuta jabali na bomba langu. Nikalipata. Na nani nimemuona pale?

Mama Nakundwa. Mwenzangu! Tuliletwa mabibi harusi huku mwaka mmoja. Nilimpokea mtoto wake wa tatu kwa mikono hii. Kasimama na panga, anakata gogo la mgomba. Anakata kwa mkono wa kushoto. Nikasema, heee, kumbe Mama Nakundwa ni mashoto! Miaka yote hii nakula naye sijui! Darubini kweli inafichua.

Halafu akachukua lile gogo akaliziba mfereji. Akakanyagia na majani na tope. Mfereji wa kulia. Wangu! Maji yote yakageuka, yakamiminika kushoto, yakapotelea nyuma ya migomba.

Jamani, niliona giza. Jicho likabaki limenata kwenye kioo. Nikatamani nipite mle ndani ya bomba nitokee upande wa pili.

Ningekuwa na akili ningeshuka nikamuulize mwenzangu taratibu. Nikachukua simu. Si mnajua tuna kundi la watu wa mfereji? Nikabonyeza ile ya kurekodi sauti, nikapaza: "Mzee Elieza! Mwenyekiti! Mwizi wa maji nimemkamata! Ni Mama Nakundwa, nimemuona kwa darubini ya Ulaya! Njooni kwenye jabali wote, asiondoke mtu!"

Nikatuma. (Ningejua kufuta ningekuwa mtu mwenye heshima zake sasa hivi.)

Nikakunja darubini nikaitwika kichwani na kata yangu, maana shahidi hawezi kubaki nyumbani. Nikashuka bonde, nikapanda bonde, nagomba njia nzima. Nilishamaliza hotuba tatu kabla sijafika.

Nafika, watu wamejaa. Wametangulia kunizidi, maana ugomvi wa maji huku una miguu. Wamejipanga ukingoni, wote wananitazama. Mama Nakundwa yuko katikati, tope mpaka magotini, panga mkononi. Hakunisalimia. Macho yake mekundu. Nikasema moyoni, aibu hiyo, mwizi wewe.

Mzee Elieza, mwenyekiti wetu wa mfereji, akasema, "Haya Mama Eliudi. Sema ulichoona."

Nikaanza. Jamani nilisema! Nikatua darubini, nikaisimamisha miguu yake mitatu, nikaipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mahari. "Hiki chombo hakidanganyi! Nimekuona, Mama Nakundwa, unaziba mfereji wangu kwa gogo! Unakata kwa huo mkono wako wa kushoto!"

"Mkono wangu wa nini?"

"Wa kushoto! Umetuficha miaka yote kuwa wewe ni mashoto!"

Watu wakatazamana. Mama Nakundwa akaangalia panga. Liko mkono wa kulia. Akaliangalia tena, kama na yeye ameanza kuwa na mashaka.

"Mama Eliudi, umekunywa chai leo?" mtu akauliza huko nyuma.

Mimi moto umewaka, sisikii. Nikarudi nyuma hatua moja nipate nafasi ya kurusha mkono vizuri. "Mbele ya Mungu na mbele yenu," nikasema, "mfereji wangu leo haujaonja hata tone la ma..."

Chubwi!

Nimezama. Mguu mzima. Maji mpaka gotini, ya baridi yale ya ndivani, kandambili ikachomoka ikaondoka zake kuelekea shambani. Nikashika bega la Mzee Elieza, karibu tuzame wote, suruali yake ikalowa.

Hata wale vyura wa pale wameruka kunipisha.

Mzee Elieza akanitazama chini, akanitazama juu. Sauti ya upole kabisa.

"Mama Eliudi. Umesimama kwenye nini?"

"Kwenye maji, mzee."

"Maji ya mfereji gani?"

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Gogo la mgomba limeziba mfereji wa kushoto, wa Mama Nakundwa mwenyewe. Upande wake kukavu, mchwa wanatembea.

"Wangu," nikasema. Sauti imekuwa ya kifaranga.

"Nilipita hapa nikaona maji yanapotea," Mama Nakundwa akasema. Hakupiga kelele, na bora angepiga. "Jua limepanda, wewe hujafika. Nikasema labda mwenzangu anaumwa. Nikakufungulia, nikaziba kwangu lisipungue hata tone. Nikasema nikimaliza nije nikuchemshie uji."

Wenzangu, mimi sikuwa na pa kuweka uso. Uji! Nikasema, "Lakini niliona! Naapa niliona!" Mama Nakundwa akaweka panga pembeni, akainama kwenye darubini, akaielekeza kwa Mzee Elieza aliyekuwa ameshasogea mbali kule juu kukamua suruali. Akachungulia muda mrefu.

"Mzee," akasema, "saa yako unavaa mkono gani?"

"Kushoto, siku zote."

"Humu umevaa kulia."

Kila mtu akataka kuchungulia. Wakapanga foleni! Kweli, kila kitu kimegeuzwa upande, kama unapojitazama kwenye kioo cha kuchania nywele. Hapo ndipo yule kijana wa Same akanijia mbele ya macho, dirishani, anarusha mikono mara huu, mara huu. Alikuwa hanipungii. Alikuwa ananifundisha!

Watu walicheka, wengine wakakaa chini kabisa. Mimi bado nimesimama majini, nimesahau kutoka.

Lakini Mzee Elieza hakucheka. Akachukua jembe. "Sheria ni sheria," akasema. "Umemsingizia mwenzako mbele ya kundi zima. Zamu yako ya leo imekufa." Akalisogelea gogo. Nikaitazama tangawizi yangu kule chini, ndiyo kwanza mistari miwili imelowa. Sikumlaumu.

Mama Nakundwa akaweka mguu wake wa tope juu ya gogo.

"Mzee, zamu ikifa maji yanakwenda kwa nani?"

"Kwa anayefuata."

"Anayefuata ni nani?"

Mzee Elieza akakuna kichwa. "Ni wewe."

"Basi maji ni yangu. Na mimi nayaacha hapo hapo yalipo."

Mzee akabaki na jembe hewani. Halafu naye akaanza kucheka, mabega yanaruka. Mimi nikalia, wenzangu, nikalia na kucheka kwa pamoja, na kamasi juu. Nikataka kumkumbatia mwenzangu, akanirudisha kwa kiwiko.

"Usinishike, sijakusamehe. Kosa ulilitangaza kwa simu, na msamaha utautangaza kwa simu. Halafu jioni utapika makande ya watu wote hawa, na mwezi ukitoka wa kwanza kuchungulia ni mimi."

Basi ndiyo hivyo. Msamaha nimeshautuma kwenye kundi la mfereji, na sasa nautuma na huku kwenu. Tangawizi imekunywa mpaka mstari wa mwisho. Kandambili nimeikuta imekwama kwenye shina, nzima. Mahindi yako jikoni yanachemka na mbingu bado iko safi.

Mkitaka kucheka chekeni, ila polepole, maana Mama Nakundwa yuko hapa uani kwangu anachambua maharage. Anachambua kwa mkono wa kulia. Nimemwangalia mara mbili, bila darubini.