Msanii wa Ndani ya Helmeti

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetukanwa. Haruna wa Buguruni, yule anayejiita mwanamuziki kwa sababu ana miwani ya jua, amehojiwa mtandaoni na akaulizwa kuhusu mimi. Akasema Muaz hana sanaa, Muaz anatafuta kiki tu, anataka azungumzwe hata kama ni kwa ubaya. Mtangazaji alicheka mpaka akashika meza.

Mimi! Ninayeimba bafuni kwa hisia mpaka wapangaji wa chini wanagonga bomba! Jina silitaki. Sijawahi kulitaka. (Nimeyarudia mahojiano yale mara kadhaa. Jina langu limetajwa mara nne. Si haba.)

Nimepata mpango. Nitaimba nikiwa nimeficha sura. Bila picha, bila jina. Wimbo ukipendwa, itajulikana kwamba ni sanaa tupu na Haruna atakosa pa kuuweka uso wake. Beno, rafiki yangu mwendesha bodaboda, ataniazima helmeti yake yenye kioo cheusi. Jina la kazi: Bila Sura. Beno akauliza, sasa watu watajuaje kuwa ni wewe? Nikamwambia hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Ila swali lake limenikaa kichwani.

Shangazi Thuraya asijue! Naishi kwake, juu ya duka lake la mapazia hapa Kariakoo. Nakula kwake, napima mapazia yake. Alishaniapia kwamba nikirudi tena kwenye muziki ananipandisha treni ya Mpanda kwa mjomba Amjad, nikauze vipuri vya pikipiki mpaka niote mvi. Na shangazi hatanii. Akikohoa tu mlangoni, machinga wa barazani wanakunja meza zao wenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerekodi! Studio ya mtaa wa Gerezani, nyuma ya gereji. Kila fundi akigonga bati, tunasimama. Ndani ya helmeti joto la kuokea mkate. Mtayarishaji aliniomba niivue, eti natoa sauti ya mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Nikakataa. Msimamo ni msimamo. Mwishowe nikafungua kioo kidogo, maana nilianza kuona nyota.

Maneno ya wimbo yalinisumbua. Sanaa inataka ukweli, na ukweli uliokuwa karibu ni wa nyumbani. Mwaka jana, harusi ya binamu yangu Wafa, shangazi alivaa bangili za dhahabu kuanzia kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko. Mtaa mzima ulishika mdomo. Kumbe si zake! Aliazima kwa Mama Manan, jirani yetu wa ghorofa ya pili, mke wa Mzee Ravindra na shoga wa shangazi tangu usichana. Asubuhi yake nikatumwa kurudisha mzigo uliofungwa kwenye kanga. Shangazi aliniambia ni vikombe. Nikachungulia ngazini.

Basi nikaimba:

Bangili za kuazima, ziling'ara siku moja,
Kulipokucha mapema, zikarudi moja moja.

Sijataja mtu. Nani atajua?

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu, lakini Kariakoo nani anajali sikukuu. Wimbo umewaka! Mtaa mzima wa Msimbazi wanaupiga. Muuza chaja anao, muuza miwa anao, hata yule wa sumu ya panya ameuweka kwenye kipaza sauti chake katikati ya matangazo.

Mama mmoja alikuwa anauimba nikimpimia pazia. Wimbo wangu! Mbele yangu! Nikauma tepu ya kupimia nisiseme. Akachukua pazia lake, akaondoka, na hajui mpaka sasa. Inauma jamani, acheni.

Mtandaoni kila mtu anauliza Bila Sura ni nani. Mmoja kaandika kwamba kama anaficha sura basi lazima ni mbaya. Nimejitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Ni uongo mtupu.

Jioni shangazi kaimba kiitikio akikaanga sambusa. Shangazi! Nikaketi juu ya ndoo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwisha.

Jana wanawake walikuwa na sherehe ya kumfunda bibi harusi. Kanisimulia Wafa, alianza kwa kucheka akamaliza bila kucheka. Ukapigwa wimbo wangu. Ulipofika kwenye bangili, Bi Rasha muuza udi, mpinzani wa shangazi tangu enzi na enzi, akainuka. Akacheza taratibu, akaukata ukumbi mzima mpaka mbele ya kiti cha shangazi, akanyanyua mikono na kuzitikisa bangili zake. Kwa wanawake wa huku, ukichezewa hivyo umeshatajwa jina. Vigelegele! Na Bi Rasha hakujua lolote, alikuwa anachokoza tu. Lakini uso wa shangazi ulibadilika, ukumbi mzima ukaelewa.

Shangazi akavuta sahani. Alimaliza pilau yake yote, taratibu, na kachumbari. Wafa anasema hapo ndipo yeye alipoogopa.

Leo nimeitwa sebuleni. Nikampa shikamoo ya pili, ingawa ya kwanza nilishampa asubuhi. Akasema siri ile walikuwa nayo watu wawili tu, yeye na Mama Manan. Kwa hiyo Mama Manan ndiye aliyemuuza. Bakuli la chakula lililoletwa na Mama Manan mchana limerudishwa kwake na kifuniko chake. Udugu wa miaka thelathini! Nikatazama zulia.

Kisha akasema, wewe unawajua hao wahuni wa muziki. Nitafutie huyo Bila Sura. Alhamisi alasiri nimuone hapa, mbele yangu. Nikauliza kwa upole, ukimpata utamfanyaje, shangazi? Akatazama kandambili zake, akasema bado hajaamua aanze na mguu gani. Nikasema sawa shangazi. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Nimeagizwa nijitafute. Nijikamate. Nijilete.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijalala. Kila kandambili ikilia ngazini, moyo unaruka. Helmeti nimeificha ndani ya robota la kitambaa cha zambarau, rangi ambayo haijawahi kuulizwa na binadamu. Saa nne asubuhi akaja mteja anataka zambarau. Zambarau! Nikamnong'oneza kwamba kile kina wadudu. Shangazi kasikia. Akauliza kwa sauti, wadudu kwenye duka la nani? Nikasema duka la jirani, shangazi, wanatoka kule wanakuja huku. Akatoka kwenda kumgombeza jirani. Nikahamisha helmeti, nikaipeleka chini ya kitanda changu. Njiani nikaiangusha mara mbili.

Nikakutana na Mama Manan ngazini. Macho mekundu. Akaniuliza, Muaz mwanangu, shangazi yako nimemkosea nini? Nikasema sijui, mama, nikashuka ngazi mbio. Nilijisikia mshenzi mpaka chakula cha mchana.

Jumatano, 13 Agosti

Mungu mkubwa! Haruna amejitangaza! Kapiga video na helmeti mpya kabisa, akasema eti amechoka kujificha, yeye ndiye Bila Sura. Mwizi! Mwongo! Malaika wangu! Sasa yeye ndiye atakayebeba msalaba wangu wote. Nimempigia, nikamwambia kuna mama mwenye duka kubwa Kariakoo anataka kumpongeza Bila Sura nyumbani kwake kesho alasiri, na biriani lipo. Alikubali kabla sijataja biriani.

Beno kasema umepona, ndugu yangu, nenda kale, ulale. Nimejaribu. Chakula hakishuki. Watu wanamwandikia Haruna kwamba yeye ni msanii wa kweli. Wa kweli! Mmoja kaandika ameota ndoto kwa sababu ya sauti ile. Sauti ya nani? Yangu!

Nitanyamaza. Nataka kuishi. Mpanda ni mbali.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika upesi kabla sijasahau hata neno moja.

Sebuleni walikuwepo shangazi, Wafa, Bi Rasha aliyealikwa aje ashuhudie, na Mama Manan aliyeitwa ili aumbuliwe. Mama Manan alikaa kwenye kona kama mgeni, wakati kochi lile alilichagua yeye. Mimi nilisimama karibu na mlango, viatu mguuni.

Haruna akaingia, helmeti kwapani, miwani usoni. Shangazi akamuuliza kwa upole mkubwa kama ni yeye aliyeimba. Upole ule ulinitoa jasho. Akasema ndiye. Akaulizwa habari za bangili alizipata kwa nani. Akasema hakuna aliyempa, ameshushiwa, na kwamba bangili ni mahangaiko ya vijana. Shangazi akavua kandambili ya kulia.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kunyamaza. Hata jiwe linaweza! Lakini Haruna alipoona kandambili inapanda, akasema subiri mama, acha nikuimbie kwanza. Akaimba. Jamani! Aliuburuza wimbo wangu, akaulegeza, akaruka "mapema" kama halikuwepo. Na Bi Rasha, kwa kumkera shangazi, akatikisa kichwa akasema, hata hivyo huyu kijana ana kipaji.

Kipaji! Nikasikia mtu anapiga kelele kwamba huyo ni mwizi, wimbo ni wangu, nimeutunga mimi, nimeuimba mimi! Nikageuka nione ni nani. Ni mimi.

Haruna alishafika barabarani. Helmeti kaiacha.

Shangazi akaniuliza nimejuaje habari za bangili. Nikasema nilichungulia. Mama Manan akaanza kulia polepole, na shangazi akashindwa kumtazama. Nikasubiri kandambili. Nilishafumba macho, nikaikinga ile sura ambayo si mbaya. Badala yake akasema: imba. Hapa hapa. Bila helmeti.

Niliogopa kuliko siku zote. Hakuna mdundo, hakuna pa kuweka mikono. Mstari wa kwanza ulitetemeka mpaka nikaona haya. Kisha sijui nini kilitokea. Nikasahau nani yupo. Nikaimba tu.

Nilipomaliza, Wafa ameziba mdomo kwa mtandio. Shangazi analia! Sikuwahi kumwona analia, hata msibani. Akasema hiyo ni sauti ya baba yake, marehemu babu yangu, alivyokuwa akisoma kasida pale pale sebuleni, na hajaisikia tangu azikwe. Halafu akafuta macho, akasema: Mungu amekupa sauti ya baba yangu, na wewe ukaenda kunivua nguo mbele ya watu.

Ningependelea kandambili.

Akainuka, akaenda kukaa kando ya Mama Manan, akamshika mkono. Wakakaa hivyo hivyo. Hata Bi Rasha aliaga kwa adabu. Mpanda siendi. Sharti moja: la nyumbani libaki nyumbani. Nimeapa, na safari hii nilikuwa na machozi ya kweli.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimewaza kutwa nzima. Jana kuna kitu kilitokea. Sijawahi kuimba vile, pengine sitaimba tena vile. Nilipokuwa naimba sikutaka kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Nahisi hapo ndipo penyewe hasa.

Na hakuna aliyerekodi!

Wasikilizaji wanne ndani, simu nne, hakuna hata moja iliyowashwa! Machozi ya mama wa watu, marafiki wanapatana, sauti ya marehemu, vyote vimepotea bure.

Kesho Mama Manan anakuja kunywa chai. Nitaomba niwaimbie tena, kama kuomba radhi. Beno ataitegesha simu kabatini, kati ya birika na vikombe vya wageni. Hii si kiki. Ni kumbukumbu ya sanaa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamelia tena! Wote wawili! Vizuri kuliko Alhamisi. Shangazi kanibusu kwenye paji la uso, kaniita mwanangu, kaniwekea kipande kikubwa cha mkate wa mchele. Kwa dakika chache nilitaka kumwambia Beno afute. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe. Lakini nikaitazama ile video. Mwanga wa dirisha jamani!

Adhuhuri ikarushwa. Jina langu kamili, sura yangu wazi, na maandishi makubwa: MWENYE BANGILI AMWAGA MACHOZI. Watu wamefurika. Wanasema Muaz ni msanii wa kweli. Haruna mwenyewe kaona, kanyamaza. Bi Rasha kaisambaza kwa kila mtu aliyewahi kununua udi. Mwingine anauliza huyo mama wa bangili anakaa mtaa gani, na kuna aliyemjibu.

Sasa hivi naisikia sauti yangu inatoka dukani. Kuna mtu anamwonyesha shangazi simu. Naimba. Naimba vizuri. Nimekatwa katikati ya "zikarudi".

Kiti kimeburutwa huko chini.

Kandambili ngazini. Jozi mbili! Mama Manan anakuja naye! Nimefunga mlango, nimeegemeza kitanda. Shangazi ananiita, na haniiti mwanangu, ananiita jina langu na la baba yangu. Wallahi naogopa. Kitasa kinatikisika.

Nimempigia Beno, yuko hapo chini kijiweni. Nimemwambia apande upesi, kwa ngazi za nyuma. Kaniuliza kama aje na wenzake waniokoe. Nimemwambia waokoaji wa nini, aje na simu, na asimame upande wa dirisha.