Makala Isiyo na Moshi

Leo nimeaibika hapa Lodwar, mchana kweupe, mbele ya chama kizima cha mke wangu. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu kufikia kesho habari itakuwa imefika Todonyang kule mpakani na samaki wote wa ziwa watakuwa wanacheka.

Mnajua nimemaliza masomo ya jioni. (Mnajua, maana nimewaambia kila siku.) Chama kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kuwafundisha akina mama kubana matumizi ya nyumbani, na mke wangu, Akiru, akanipendekeza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kunipima.

"Ukiniaibisha," akaniambia, "utajipikia mpaka Krismasi."

Shida ilikuwa moja. Cheti ninacho, somo sina. Ndipo nikakumbuka kibao nilichokiona juzi kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, upande wa maduka ya Wakongo: MAKALA NZURI. PUNGUZA MATUMIZI YA NYUMBA. Namba ya simu nilikuwa nimeihifadhi. Asubuhi na mapema nikapiga.

"Makala iko?"

"Iko mingi, ndugu yangu. Unapenda ya kawaida ao ya kuchaguliwa?"

"Ya kuchaguliwa." (Mimi ni mtu wa cheti.)

"Ile haina moshi hata kidogo. Ukianza nayo asubuhi, inakufikisha magharibi."

Nikafumba macho kwa raha. Haina moshi. Huyu ni mwandishi asiyezungukazunguka, tena anaandika kwa kirefu. Nikamwambia anitumie ya kutosha ukumbi mzima.

"Ukumbi? Uko na harusi?"

"Ni kama harusi."

"Basi nakuwekea ndani ya viloba."

Viloba! Kazi zake hazienei kwenye bahasha. Nikamtumia pesa ya jikoni, nikavaa shati jeupe la mahafali, nikaenda kusubiri gari nje ya ukumbi.

Jua letu mnalijua. Lami ilikuwa inachezacheza kule mbele kama maziwa ya ngamia, mikoma ikaelea juu yake, nami nikaelea nayo. Nikajiona nafundisha. Turkana nzima imetulia, mbuzi wameacha kutafuna, sauti yangu inapita polepole kwenye redio za kila boma kama upepo wa ziwani. Akina mama wanaweka shilingi moja moja, zinakuwa kilima, kilima kinakuwa mlima, mlima unapewa jina langu. Akiru anaupanda taratibu, anaimba.

"Mwalimu." Turniboi wa gari la Kakuma alikuwa ananitikisa bega. "Mzigo wako huu."

Tukaviburuta viloba mpaka mbele ya ukumbi. Mama Ekai, mwenyekiti wa chama, akavaa miwani. Akiru akaninong'oneza, "Mbona ni vizito hivi?"

"Elimu," nikamjibu.

Nikawageukia akina mama. "Ejok."

"Ejok," wakaitikia wote.

"Nyingine mtasoma nyumbani. Nitaanza kwa kuwasomea moja."

Nikakata kamba. Nikainua uso juu kama mhubiri, nikazamisha mkono kwenye kiloba mpaka kwapani, nikachomoa makala ya kwanza na kuinyanyua ionekane hadi nyuma.

Lilikuwa pande la makaa. Kubwa, jeusi, limekauka vizuri. Vumbi lake likateremka kwenye mkono wangu, likaingia ndani ya shati.

Mama Ekai akarekebisha miwani yake.

"Soma, mwalimu."

Ukumbi ukapasuka. Katikati ya vicheko simu ikaita, nikabonyeza vibaya, sauti ikatoka kwa wote: "Ndugu, harusi iko namna gani? Makala inawaka muzuri?"

"Wakongo wakisema makala ni makaa," akaeleza mama mmoja aliyewahi kuuza chai Kakuma, huku anafuta machozi. (Masomo ya jioni hayakufika hapo.)

Nikasimama pale nimeshika pande langu huku wakishauriana. Wakakubaliana kwamba yakinunuliwa kwa pamoja namna hii, makaa ya Kakuma ni nafuu kuliko ya sokoni hapa. Wakagawana yote, wakanirudishia pesa ya jikoni, na kazi wakanipa: kila mwezi nitakuwa naenda kuyafuata. Kuhusu ualimu, wamesema watatafuta mtu anayejua kusoma.

Sasa tuko nyumbani. Akiru amekaa hapa kando yangu, amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nimeamua kuamini kwamba analia.