Malengelenge ya Shujaa

Jumatatu, 9 Juni
Vidole vinawasha. Vijipele vya maji vimejipanga ubavuni mwa vidole, chini ya ngozi, kama punje za mtama. Vimechagua siku mbaya. Bosi, mwenye saluni, ametangaza kwamba binti yake anaolewa Jumamosi, na atakayemtengeneza nywele ni mimi au Kitana. Kitana ni mwenzangu wa kiti cha pili. Jina nimempa mimi, kwa kuwa meno yake yameachana. Hana kasoro nyingine. Ndiyo maana simpendi.
Nimeshinda na mikono mfukoni. Tatizo, nywele haziosheki hivyo. Nilimwomba mteja ajisuuze mwenyewe, nikamwambia inasaidia damu kupanda kichwani. Akaamini. Niliona haya kwa niaba yake.

Jumanne, 10 Juni
Mpango mpya. Glavu za mpira, tangu kufungua mpaka kufunga. Nilisema saluni kubwa zote zinafanya hivyo siku hizi. Bosi akafurahi, akamwambia Kitana aige. Kitana akajibu kwamba yeye huvaa akiosha au akipaka rangi, kisha huvua mikono ipumue. Wivu huo.
Jioni nilipovua, jasho lilitiririka kama nakamua dekio. Vidole vimelainika kama mkate uliozama kwenye chai. Malengelenge yameongezeka, mengine yameungana.

Jumatano, 11 Juni
Nikaamua ni uchafu tu. Asubuhi nimeyatumbua malengelenge kwa sindano ya kushonea nywele, nikaosha mikono kwa maji ya moto na dawa ya kusafishia sakafu. Nilivyohisi sitaandika. Dada yangu, ninayeishi kwake, alinikuta nimepiga magoti kando ya beseni. Akauliza naomba au nalia. Nikasema vyote viwili.
Kazini glavu ikachanika. Mteja akaona kidole, akahamia kiti cha Kitana huku akinong'ona kwamba hataki kuambukizwa. Bosi akauliza mikono imepatwa na nini. Mdomo ukanitangulia. Nikasema nimeungua nikimtoa mtoto wa jirani kwenye moto.
Bosi alifuta machozi kwa taulo la mteja. Akasema nywele za binti yake ni zangu. Wakanipigia makofi, Kitana naye, tena kwa moyo. Nilitamani sakafu inimeze.

Alhamisi, 12 Juni
Dada amenikokota kwenye kliniki ya ngozi. Kwenye benchi, pembeni yangu, msichana amejiviringisha mtandio mikononi. Kumtazama vizuri: binti wa Bosi, bibi harusi mwenyewe. Habari za moto alishazisikia. Akaomba kuyaona majeraha. Nikasema yanatisha. Dada, ambaye sikumwambia lolote, akanivua glavu na kuuliza moto gani.
Bibi harusi aliviangalia vidole vyangu. Kisha akafungua mtandio. Vyake vilikuwa vilevile.
"Hii si ya moto, kaka," alisema taratibu. "Mimi nimemficha hata mchumba wangu. Nawaza nitavishwaje pete mbele za watu."
Nilikuwa nimedanganya kwa ajili ya sifa, kumbe mwenzangu hapati usingizi.
Aliomba tuingie pamoja. Daktari akasema ni ukurutu wa mikono, ule wa malengelenge. Si uchafu, hauambukizi. Chanzo chake hasa hakijulikani, ila huchochewa na wasiwasi, jasho, maji na sabuni za kila mara, rangi za nywele, na kwa wengine madini ya nikeli yaliyomo kwenye pete na mikasi. Tusitumbue. Tuoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, tukaushe katikati ya vidole, tupake mafuta mazito papo hapo. Kazini, glavu za pamba ndani ya zile za mpira, na kuzivua mara kwa mara. Akatuandikia dawa ya kupaka. Akaniuliza mbona mikono inanuka sakafu.
Nje, bibi harusi akasema hatamwambia mama yake. Nimwambie mwenyewe, kabla ya harusi. Nikaahidi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefuata maagizo yote. Mikono imetulia kidogo. Nikamfuata Bosi, nikaanza: kuhusu ule moto. Akanikatiza kwamba mshereheshaji ameshaambiwa, nitatambulishwa ukumbini. Nikasema vizuri.

Jumamosi, 14 Juni
Nywele zimependeza. Bibi harusi amenieleza kwamba jana alimwonyesha mchumba wake mikono. Alichouliza yule bwana ni kama inauma, basi. Ukumbini alivua mtandio akavishwa pete mbele ya wote, vidole na malengelenge yake. Hakuna aliyekimbia.
Kisha mshereheshaji akaniita. Nilisimama, ukweli ukiwa kwenye ncha ya ulimi. Bibi harusi alinitazama, akaitikia kwa kichwa kunitia moyo. Kitana alikuwa ananirekodi. Watu mia mbili wakasubiri.
Nikasema watoto walikuwa wawili. Mapacha.
Bibi harusi akainamisha macho. Makofi yalikuwa mengi, na sijawahi kuona aibu kama ile. Ili nionekane shujaa asiye na makuu, nikaenda nyuma ya ukumbi nikasugua masufuria ya harusi, mikono mitupu, kwa sabuni ya unga.

Jumapili, 15 Juni
Vidole vyote kumi vinawasha. Vijipele vipya vimetokea viganjani. Nimeweka glavu za pamba pembeni kwa leo, maana Bosi anakuja hapa nyumbani alasiri, na bendeji inaonekana vizuri zaidi. Anataka kuwaona mapacha, amewaletea zawadi. Nimemwambia wamehama. Akasema hakuna shida, atanipeleka kwa gari.
Dada anakataa kunisaidia. Nimeulizia mapacha wa kuazima mtaani. Mama mmoja ana watoto wawili, lakini mmoja ana miaka minne na mwingine saba. Nadhani wakikaa chini hawatajulikana.