Kukoroga Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Juni
Balaa. Nimemimina ndoo ya rangi nyekundu kwenye tangi la nyeupe. Sikusoma kibandiko. Lita elfu mbili, zote waridi! Meneja anarudi Alhamisi kuchagua msimamizi mpya wa zamu: mimi, au Mama Vipimo wa maabara. Nimelifunika tangi.

Jumanne, 4 Juni
Mama Vipimo kalifunua. Umbea tu. Akaniambia vitu vikishachanganyika havijitengi vyenyewe. Mchafuko huongezeka tu, ndiyo sheria ya maumbile, inaitwa entropia. Nikamjibu kuwa kila sheria ina mwanya. Alicheka hadi akashika meza.

Jioni nimeuona mwanya! Glasi nyembamba ndani ya pana, asali katikati, tone la wino. Nikazungusha glasi ya ndani polepole mara nne: wino ukapotea. Nikarudisha mara nne: tone likarudi! Mke wangu kauliza asali ya dawa ya kifua iko wapi. Nimejifanya nimelala.

Jumatano, 5 Juni
Nimemtambia Mama Vipimo. Akachukua uzito wa asali, mnato wake (yaani inavyogoma kutiririka), upana wa glasi na mwendo, akazidisha, akagawanya. Kilo, mita na sekunde zikakatana, ikabaki namba tupu. Glasi yangu: chini ya moja. Tangi: elfu kumi. Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi, "Kaka, namba ikiwa ndogo, asali inarudia njia yake. Kwenye tangi ni vurugu tupu. Mwambie meneja ukweli, nitakusindikiza."

Mtego! Elfu kumi ya nini? Namba isiyo na hata kilo moja haiwezi kunitisha.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika mapema. Nikabadilisha nyaya za mota, pangaboi la tangi likazunguka kinyume kwa dakika zilezile lilizokoroga Jumatatu. Waridi. Nikaongeza kasi. Meneja akaingia na shati jeupe, rangi ikaruka. Shati nalo waridi.

Mama Vipimo hakucheka. Aliniletea kitambaa nifute sakafu. Nimeona aibu, kusema kweli. Msimamizi ni yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Nimehamishiwa stoo. Mpakiaji kaangusha makasha ya misumari, nati na boliti, vyote vimechanganyika sakafuni. Msimamizi kaagiza nitenge kimoja kimoja, kwa mkono. Wiki nzima!

Nimemwita mpakiaji pembeni, nikamuuliza alikuwa anaelekea upande gani. Amekubali kupita tena palepale, kinyumenyume, taratibu sana.