Malalamiko ya Mtu Ambaye Hajawahi Kushika Duka Lako

Kwa Mheshimiwa Mjomba,
Mwenye Duka la Rejareja la Kona,
Ambaye kwa sasa anapatikana kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara.

Yahusu: Uzoefu wangu wa kazi ya dukani, uliopotea ukiwa mikononi mwako

Shikamoo Mjomba.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana uliondoka asubuhi ukasema unakwenda kupunguza nywele na unarudi sasa hivi, na hizo nywele zenyewe sote tunazijua zilivyo. Mimi ni mzima, sina neno ila haya yafuatayo. Nayaandika kwa heshima zote anazostahili kaka wa mama yangu. Wamesema mkubwa ni jalala, basi naomba uyapokee bila kuziba pua.

Kama unavyojua, lile Duka Kubwa lililofunguliwa karibu na kituo cha mafuta linatafuta muuzaji. Tangazo wamelibandika mlangoni. Wanataka mtu mwenye adabu, anayejua hesabu, na mwenye uzoefu usiopungua miaka miwili. Mjomba, kazi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Wauzaji wa pale wanavaa sare yenye mfuko kifuani, wanakalia kiti chenye mgongo, na ikifika saa ya kwenda nyumbani wanakwenda nyumbani. Adabu ninayo, umenilea mwenyewe. Hesabu najua. Ukabaki uzoefu, nami kwa ujinga wangu nikaandika namba yako ya simu kwenye maombi uwe mdhamini wangu, nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyeajiriwa. Kumbe nilikuwa nimejipalia makaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba juzi meneja wa Duka Kubwa alikupigia simu, nawe ukaipokea ukiwa umesimama nami nyuma ya kaunta, kiwiko chako kikigusa changu. Nilikuwa nampimia fundi cherehani sukari. Ukamwambia meneja, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Huyo? Aa, huyo hajawahi kufanya kazi popote. Yupo yupo tu hapa." Kisha ukaiziba simu kwa kiganja ukaninong'oneza: "Eti, hizi betri ndogo siku hizi tunauza bei gani? Na umeziweka wapi?" Nikakutajia bei, nikakuonyesha nyuma ya viberiti. Ukaondoa kiganja, ukaendelea: "Nakwambia ukweli meneja, huyu dukani hajui hata kitu gani kinakaa wapi." Fundi cherehani alinitazama. Mimi niliitazama mizani. Iliniuma, Mjomba. Iliniuma mpaka sukari ikazidi kwa sababu nilikuwa siuoni mshale vizuri, na ile iliyozidi fundi ameondoka nayo.

2. Kwamba nilipokuuliza kwa upole kwa nini umesema vile, ulinijibu kwamba mtoto wa nyumbani hafanyi kazi, anasaidia. Nimelitafakari jibu hili kwa makini. Nikifungua mlango alfajiri na kufagia kibarazani, nasaidia. Nikibeba gunia la unga kutoka kwenye gari hadi stoo, nasaidia. Siku mkaguzi wa afya alipokaribia kumwona panya, nami nikamshika kwa maneno mpaka panya akaondoka kwa heshima zake, nilikuwa nasaidia. Lakini yai likivunjika, hapo Mjomba ninapandishwa cheo papo hapo na kuwa mfanyakazi, tena mzembe. Naomba nijulishwe kama inawezekana kuwa mfanyakazi hata siku ambayo mayai yote yamesalimika.

3. Kwamba katika duka lako kila kitu kina kipimo. Sukari ina kilo, mafuta yana lita, kamba ina mita. Kitu pekee kisicho na kipimo ni lile "kidogo" lililomo katika "nishikie duka kidogo". Uliwahi kunishikisha duka kidogo ukaenda kumwona mgonjwa, na mgonjwa akapona, akatoka, akaja hapa kununua sabuni, akanikuta bado nimekushikia. Nikamuuliza kama amekuona, akasema amekuacha kwake ukimaliza uji wake. Kidogo hiki kilianza nikiwa darasa la sita, nikipanda juu ya kreti la soda ili wateja wanione. Leo kreti silihitaji, na kidogo chako bado hakijaisha.

4. Kwamba mwanao, binamu yangu, huyu tunayemwita Bosi, ambaye huja dukani pale tu friji linapokuwa limepoza vizuri, ulimwandikia barua yenye mhuri ukimtaja kuwa Meneja Mauzo. Sina wivu. Damu ni nzito kuliko maji, na mimi najua kwamba damu yangu imepitia kwa dada yako, labda ndiyo maana imechujuka. Nakumbusha tu kwamba siku niliyomwachia Bosi duka nikaenda msalani, alimpimia mama wa nyumba ya pili unga wa ngano badala ya sabuni ya unga. Mama yule alifua kwa imani. Mashati ya mumewe yalipokauka yaliweza kusimama yenyewe. Aliyekwenda kuomba radhi na kuyafua upya ni mimi, na bila shaka hapo nako nilikuwa nasaidia.

5. Kwamba, pamoja na hayo yote, mimi si mtoto wa kubishana na mkubwa. Umesema sijawahi kufanya kazi, basi sijawahi. Lakini sasa tumepata tatizo lingine, Mjomba, na ninaomba tulitazame pamoja. Wewe ulikuwa matangani, au kwenye vikao, au hapo kwa kinyozi. Bosi alikuwa na soda yake. Mimi sikuwepo, kwa ushahidi wako. Basi duka hili limekuwa wazi miaka yote hiyo bila mtu ndani yake, na haijapotea hata njiti ya kiberiti.

Hapa pana mawili. Ama mtaa wetu umejaa malaika wanaojipimia wenyewe na kujirudishia chenji, na kama ndivyo naomba ung'oe nondo za dirishani kwa sababu zinawavunjia heshima. Ama dukani mna jini. Na jini huyo ni hodari kweli. Anajua kwamba mizani inadanganya mpaka uweke kifungo cha shati chini ya sahani ya kushoto. Anajua kulimulika yai kwenye taa kabla ya kumpa mteja. Anajua kwamba mwalimu mstaafu huja kusoma gazeti na si kulinunua, na anajua ukurasa wa kumwachia ili aondoke na furaha. Jini wa namna hii anastahili barua. Mwandikie, Mjomba, upige na mhuri, mimi na yeye tutaelewana.

6. Kwamba kama jini naye ni mtoto wa nyumbani na hawezi kuandikiwa, basi mauzo yote yafutwe. Kitu kilichouzwa na mtu asiyekuwepo hakijauzwa. Nashauri usimame kibarazani na kipaza sauti, uwatangazie majirani warudishe kila walichonunua. Fundi cherehani arudishe sukari, na kama ameshainywa kwenye chai, hilo ni lake na tumbo lake. Mwalimu mstaafu arudishe sabuni zote alizoogea tangu astaafu. Mama wa nyumba ya pili arudishe unga, akiweza kuutoa kwenye makola. Mkishamaliza kukusanya, mnipandishe tena juu ya lile kreti la soda tuanze upya mwanzo kabisa, ila safari hii kwa mkataba.

Ombi langu ni dogo kuliko malalamiko yangu. Naomba kabla ya Ijumaa umpigie meneja umwambie ukweli. Sihitaji sifa. Sema tu: alikuwepo, alipima, alirudisha chenji sawasawa. Hayo tu. Nilidhani ukimshikia mtu duka tangu utotoni, siku ukiulizwa ulikuwa wapi, yeye ndiye atakayejibu. Hilo ndilo lililonitoa machozi kwenye mizani, na wala si kazi peke yake. Na usipopiga, Mjomba, basi kuanzia Jumatatu ukiniambia nikushikie duka kidogo nitakujibu kwa adabu kwamba ningependa sana, lakini sina uzoefu.

Ili haki itendeke, nakala ya barua hii imeshaondoka na fundi cherehani, shahidi wangu, anayepita Duka Kubwa kupeleka sare alizozishona. Atamwachia mlinzi wa mlangoni, naye atampa meneja mkononi akirudi kutoka kula. Hii yako nitakuletea kwa mkono wa mteja anayevuka kuja huko.

Nisalimie kinyozi na wote waliokaa hapo benchi wakisubiri zamu ambayo umeikalia. Nisalimie mkaza mjomba ukimwona kabla yangu, mwambie mchele wake nimeshamtengea. Msalimie Bosi, mwambie friji limepoza.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Yupo Yupo Tu.

Tanbihi: Mjomba, simama! Nilikuwa naikunja barua simu ikalia. Ni meneja mwenyewe. Nimepata kazi!

Anasema wenye uzoefu wamemchosha. Mmoja alianza kupatana bei na wateja wakati bei zimeandikwa. Mwingine aliwavutia viti akawapigia soga mpaka foleni ikafika nje. Akasema, "Waliokulia kwenye maduka ya wajomba zao ndio hawafai kabisa, wamezoea vibaya." Anataka mtu asiyejua lolote, amfundishe mwenyewe. Halafu akaniambia kwamba amenichagua kwa sababu yako. Eti watu wote aliowapigia waliwasifia ndugu zao, ila wewe peke yako ulisema ukweli. Nilimshukuru kwa sauti ya kitoto. Nilimuuliza mizani ni kitu gani, naye akanieleza kwa upendo.

Kwa hiyo, kuanzia namba moja mpaka namba sita, futa. Hakuna jini. Nilikuwa nasaidia. Hata kusaidia kwenyewe nilikuwa sijui. Bosi mwongezee mhuri wa pili. Lakini ile nakala, Mjomba! Fundi ameshafika kule, nimemwona akirudi mikono mitupu. Kwa jinsi meneja alivyokuwa akizungumza, bado anatafuna, kwa hiyo muda upo. Mlinzi ni rafiki yako, mnasalimiana kila siku. Inuka hapo kwenye kiti hivyo hivyo na povu lako, ukimbie ukaichukue hiyo bahasha kabla haijafunguliwa. Na kama utamkuta meneja ameshafika mlangoni, mwambie tena yale maneno ya juzi, kwa uso uleule. Tafadhali safari hii tia na chumvi.