Mwenye Shamba Hahusiki

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepata elimu ya bure. Nilikuwa nakamua ng'ombe, redio inaongea, mwanasheria akasema mgeni akiumia shambani kwako unaweza kushtakiwa. Hata kama hukumsukuma! Nusura nimwage maziwa. Kisha akasema mwenye shamba ana wajibu wa kuwaonya wageni kuhusu hatari anazozijua. Kuwaonya! Kumbe rahisi hivyo! Nikazima redio nikaingia kazini.

Hatari ninayoijua ni moja, daraja la mbao juu ya mtaro unaotoa maji machafu zizini. Wageni wanaolipa kuja kujichumia machungwa lazima wavuke pale. Mbao zimeanza kuoza. Mke wangu kila siku wimbo wake ni mmoja, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa nina jibu lake. Sitaziba wala sitajenga. Nitaandika.

Tena niandike upesi. Shamba ni la mama mkwe, aliachiwa na marehemu mumewe. Anakuja kesho kukaa nasi, na Alhamisi afisa wa bima anakuja kukagua. Mama ametamka wazi kwamba bima ikikubali, naendelea kusimamia. Ikikataa, shamba anamkodishia jirani yetu. Jirani huyu namwita Bwana Uzio. Kila chake kina uzio, mpaka kisima, mpaka kuku anayeatamia. Ana bima, na huitaja hata msibani.

Jumanne, 4 Juni

Kibao tayari! Herufi kubwa, rangi nyekundu: DARAJA BOVU. ANAYEVUKA AVUKE KWA HIARI YAKE. MWENYE SHAMBA HAHUSIKI.

Taabu ilikuwa kupata ubao. Duka liko mbali na jua lilikuwa kali. Nikaangaza huku na huku, nikauona ubao mpana, mkavu, ulionyooka, tena uko palepale. Darajani. Nikaung'oa. Limebaki pengo kidogo, lakini mtu mwenye akili zake ataliruka, na asiye na akili ataonywa na kibao. Mke wangu alipoona akasema akili nyingi huondoa maarifa. Nadhani ni wivu.

Bwana Uzio naye alisimama kusoma. Alicheka mpaka akaushika uzio wake asianguke. Atajiju!

Mama mkwe amefika alasiri. Nimempokea mzigo kwa mikono miwili.

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Sijui hata nianzie wapi.

Asubuhi mama alichukua kikapu akaenda kuchuma machungwa, miwani ameiacha chumbani. Mguu ukazama penye pengo, akatumbukia mtaroni mpaka kiunoni. Maji ya zizini! Na gauni lake la kutokea! Nilisikia yowe, nikatupa ndoo, nikatoka mbio. Lakini sikumkimbilia yeye. Nilikimbilia kibao. Nikasimama kando yake, nikakinyooshea kidole, nikamsomea. Kwa sauti, neno kwa neno, na yeye amenyoosha mkono nimvute. Nilipofika mwisho akaniuliza kutoka mtaroni, kwa upole uleule anaoombea chumvi mezani: "Baba, mwenye shamba si mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini shimo lililokuwepo lilikuwa na mtu.

Mke wangu ndiye aliyemtoa. Kifundo cha mguu kimeteguka, muuguzi amekifunga bandeji na kusema mguu ukae juu. Kisha mke wangu akanijulisha kwamba yeye juzi aliisikiliza redio ya jikoni mpaka mwisho. Mwanasheria aliendelea! Alisema kuonya peke yake hakutoshi, hatari unayoijua uiondoe, na kibao chenyewe kinaweza kuwa shahidi kwamba ulijua ukaiacha vilevile. Shahidi! Nimempaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe!

Niliwaza kukichoma moto. Lakini ubao mzuri hauchomwi hivihivi.

Alhamisi, 6 Juni

Kabla afisa hajafika nilikirudisha kibao mahali pake pa zamani darajani, maandishi yakitazama chini. Nikakigongomea misumari. Pengo limekwisha, shahidi kazikwa! Nikapiga mluzi.

Kumbe watu wa bima huchungulia chini. Yule bwana alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mtaroni, akainama. Halafu sauti yake ikaja kutoka chini ya daraja, ikisoma polepole, kituo kwa kituo, mpaka kwenye hahusiki. Alipoibuka kunitazama nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa buti za mpira.

Akauliza kama kuna mtu amewahi kuumia hapa. Nikasema hakuna. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kigoda, bandeji nyeupe pepepe. Afisa akaitazama bandeji. Nikasema ni baridi yabisi, iko kwenye ukoo wao. Mke wangu akaziba uso kwa kiganja. Nisingeweza kunyamaza? Nani aliniuliza habari za ukoo?

Mama hakunigombeza. Alimweleza afisa kila kitu, hakuongeza hakupunguza, pamoja na ile habari ya kusomewa. Afisa alijikuna kichwa. Akasema Jumatatu atarudi, na akilikuta daraja la mbao ngumu, zilizo imara, atapitisha. La sivyo, basi.

Alipoondoka mama akaniita. Akaniambia mtaro haukumuuma. Mbao huoza, alisema, hata yeye anaoza. Kilichomuuma ni kwamba alininyooshea mkono, nami nikanyoosha kidole. Nikaenda kusimama zizini na ng'ombe. Hata wao niliwaonea haya.

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Uzio amekuja kumjulia hali mgonjwa. Kaleta mayai. Akasema amesikia yaliyonipata, ana mbao ngumu zimebaki kwenye uzio wake, nikachukue bure, ujirani mwema. Nikamwambia asante, mbao tunazo tele. Tele! Mke wangu aliniangalia mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Huyo ataka sifa tu. Alipotoka nilimwona anatembea mpakani taratibu, kama mtu anayepima.

Jumapili, 9 Juni

Nimekuwa mtu mpya. Tangu juzi namhudumia mama mwenyewe, chai, mto, kigoda. Nimeapa kwamba kuanzia sasa ni mtu kwanza, kibao baadaye.

Na daraja limekamilika! Mbao ngumu, zimenyooka, hata randa hazikuhitaji. Nimerukaruka juu yake mbele ya wote. Halikutikisika! Mama alikuwa barazani, akasema sasa amemwona mkwe aliyemwozesha binti yake. Machozi yalinilenga. Akaniuliza mbao nimezitoa wapi. Nikajibu Mungu hamtupi mja wake. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni, na hilo pia ni la kumshukuru Mungu.

Zimetoka kitandani mwa mama. Ni chaga za katikati tu, za pembeni sikuzigusa. Godoro ni nene na limefunika vizuri, na mama mwenyewe ni mwepesi, ni mifupa na sala. Afisa akishapitisha kesho nitazirudisha, hakuna atakayejua.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Hatari unayoijua, onya. Nimebandika karatasi mlangoni mwa chumba chake: ANAYELALA ALALE KWA HIARI YAKE. Na safari hii sikugusa habari za mwenye shamba, mtu hujifunza. Nimeandika MKWE HAHUSIKI.

Sasa nasikia fimbo yake ukumbini. Anasema mguu umechoka, anakwenda kujinyoosha. Natumaini leo amevaa miwani.